Maumivu Sugu, Mtoto Asiye Sugu

Maumivu yanayodumu, au yanayokwenda na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3 tumezoea kuyaita maumivu sugu. Istilahi hii imekwisha kukaa, watu wanaielewa, na sina haja ya kuing'oa. Ila neno sugu limetoka kiganjani. Ni ile ngozi ngumu inayoota kwa mshika jembe wa Kwimba na mpiga kasia wa Ukerewe, ngozi ambayo ukiidunga mwiba kwa juu mwenyewe hana habari. Kutoka hapo neno likapanda likamshika mtu mzima: mtoto sugu ni yule aliyezoea viboko hata havimwambii kitu. Sasa mzazi akielezwa kwamba binti yake ana maumivu sugu, lugha yenyewe inamsogeza karibu na wazo ambalo daktari hakulisema, kwamba mtoto ameshazoea.

Nalo husemwa waziwazi. Mtoto wa selimundu analia mguu kwa mara nyingine tena mwaka huohuo, na mjomba anashangaa kwa nini kilio bado ni kilekile ilhali ugonjwa ameishi nao tangu anyonye. "Huyu si keshazoea?" Mjomba hasemi hivyo kwa ukatili. Anasema alichokiona maisha yake yote katika kazi za mikono, kwamba kinachorudiwa hukomaza. Kwa ngozi ya kiganja ni kweli. Kwa neva za mtoto mwenye maumivu ya muda mrefu, mara nyingi mambo huenda kinyume kabisa, na jambo hilo linaweza kupimwa kwa nyuzi joto, gramu na sekunde. Upimaji huo nauita hapa upimaji wa wepesi wa kusikia maumivu. Jina ni refu, lakini nitaeleza kwa nini kila neno lililomo linastahili kuwapo.

Nimeanzia kwa selimundu kwa sababu Mwanza haiwezi kuzungumzia maumivu ya watoto bila kupita hapo. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa imebeba sehemu kubwa ya mzigo. Watafiti wa Hospitali ya Bugando walipopima madoa ya damu kavu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kaskazini-magharibi mwa nchi, walikuta takribani mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi kidogo ya 1 katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe. Malaria ndiyo iliyoulinda urithi huu. Aliyerithi kinasaba kimoja huhimili malaria kali kuliko mwenzake asiye nacho. Aliyerithi viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, huugua. Chembe zake nyekundu za damu hujipinda kama mundu wa kuvunia mpunga, zinakwama kwenye mishipa myembamba, na mfupa au nyama iliyo mbele yake inakosa hewa. Wodini wengi husema sikoseli, vitabuni tumeandika selimundu, na mama wa Magomeni ya Kirumba anayaelewa yote mawili.

Shambulio la namna hiyo lina sababu inayoonekana. Mtoto anatoka Sengerema usiku, siku hizi anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 badala ya kungoja kivuko, anafikishwa Bugando, anapewa maji na dawa za maumivu, na baada ya siku kadhaa anarudi nyumbani. Hapo kila mtu anaamini kwamba anaumwa. Shida huja kwa yule wa miaka 13 au 15 ambaye anaumwa hata katikati ya mashambulio. Damu yake haijashuka kuliko kawaida yake, picha ya eksirei haionyeshi kitu kipya, homa hana, na bado anasema mapaja yanamuuma na shuka likimgusa hapendi. Ndipo maneno yanapoanza: anadeka, anakwepa shule, anazipenda dawa. Mwanya huu, kati ya anachosema kijana na kinachoonekana kwenye vipimo vya damu, ndio unaojazwa na kipimo cha hisi.

Neno la kwanza la kipimo hiki ni kizingiti. Mwaka 1860 Gustav Fechner wa Leipzig, Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu uhusiano wa kichocheo na hisi, na kwa ile nukta ambapo kitu kinaanza kuhisiwa akatumia neno la Kijerumani la kizingiti cha mlango. Mataifa mengine ya Ulaya yakafuata, kila moja kwa neno lake la mlangoni. Sisi tunalo letu, tena zuri. Kichocheo kilicho chini ya kizingiti kimebaki nje. Kilichovuka kimeingia ndani. Kwa hiyo kizingiti cha maumivu ni kile kiasi kidogo kabisa cha joto, baridi, mdungo au mkandamizo ambacho mtu akikipata anasema, sasa inauma.

Hapa panahitaji uangalifu, maana kizingiti kimekuwa na maisha mengine katika magazeti. Tunasoma kila siku juu ya vizingiti vya biashara mpakani, na serikali huahidi kuviondoa. Msomaji aliyezoea matumizi hayo akisikia kwamba kizingiti cha maumivu cha mtoto kimeshuka, anaweza kushukuru Mungu, akidhani kikwazo kimepungua. Kumbe taarifa ni mbaya. Kizingiti kikishuka, maumivu huingia kwa urahisi. Kitu ambacho kwa mwenzake ni baridi tu, kwake ni maumivu. Sishauri tuliache neno kwa sababu hiyo. Nashauri tusiliachie lisimame peke yake mbele ya mzazi. Daktari aseme kizingiti kimeshuka, na papo hapo aseme kwamba mtoto amekuwa mwepesi wa kusikia maumivu. Sentensi ya pili inailinda ya kwanza.

Na kwa nini kusikia? Wapo wanaopendelea kuhisi, kwamba ndilo neno la kisayansi. Lakini mtoto wa Igogo hahisi njaa, anasikia njaa. Anasikia baridi, anasikia kizunguzungu, anasikia maumivu. Ukimwambia aseme anapohisi, atajibu kwa kufikiri, maana kuhisi kwake kumekaribia kudhani: nahisi kama mvua itanyesha. Kipimo hiki hakitaki dhana yake. Neno unyeti nalo, ambalo baadhi ya wafasiri hulikimbilia kwa kufuata kamusi, nalikataa kabisa kwa watoto. Sehemu nyeti kila mtoto anajua ni zipi, na msichana wa miaka 12 akiambiwa anakwenda kupimwa unyeti, atakataa kuingia chumbani, na atakuwa na haki.

Chumbani kwenyewe hakuna la kutisha. Mtaalamu hubana kibao kidogo cha chuma kwenye ngozi ya mtoto, aghalabu kwenye kile kilima cha nyama chini ya kidole gumba, kisha juu ya unyayo. Kibao kimeunganishwa na mashine na kinaanza na nyuzi joto 32, karibu sawa na ngozi yenyewe. Mtoto ameshika kitufe mkono wa pili. Kibao kinapoa polepole, nyuzi 1 kwa sekunde, mpaka mtoto abonyeze, na mara tu akibonyeza kinarudi 32. Asipobonyeza, mashine inajizima yenyewe ikifika 0. Kwa upande wa joto, inajizima ikifika 50. Zoezi linarudiwa mara tatu, wastani unachukuliwa. Baadaye huja vijisindano butu vya uzito tofauti, kifaa cha kukandamiza msuli, na nyuzi nyembamba za kugusia ngozi.

Nyuzi hizo zina ukoo mrefu. Max von Frey, huko huko Leipzig katika miaka ya 1890, alizitengeneza kwa nywele, za watu na za farasi, akigundua kwamba unywele ukishinikizwa kwenye ngozi utapinda ukifika nguvu fulani na hautazidisha hapo hata ukisukumwa zaidi. Mwaka 1960 Josephine Semmes na Sidney Weinstein wa Marekani waliweka nailoni mahali pa nywele. Mhudumu wa kliniki ya kisukari anaufahamu uzi wa gramu 10: anaugusisha chini ya wayo, uzi unapinda mfano wa upinde mdogo, anauliza, umesikia? Huduma za ukoma hutumia nyuzi za aina hiyohiyo. Huko kote wanatafuta hisi iliyopotea. Kwa kijana mwenye maumivu ya muda mrefu kifaa ni kilekile, ila kinachotafutwa ni hisi iliyozidi.

Mwaka 2006 mtandao wa watafiti wa maumivu wa Ujerumani ulipanga vipimo hivi katika utaratibu mmoja wenye majaribio 7 yanayotoa takwimu 13, na mwaka 2010 wenzao wakachapisha viwango vya watoto na vijana wenye afya, wa miaka 6 hadi 16. Walichokiona kinafaa kukumbukwa na kila mwalimu wa chekechea: wadogo wa miaka 6 hadi 8 walichelewa kugundua mguso na joto dogo kuliko wakubwa zao, lakini maumivu waliyasikia mapema zaidi. Wasichana nao walikuwa wepesi kuliko wavulana kwa vipimo vya joto na baridi. Kwa hiyo hakuna namba moja ya mtoto. Kuna ya umri wake, ya jinsia yake na ya mahali pa mwili palipopimwa.

Ningeongeza, na ya mazingira aliyokulia. Mtoto aliyekua pekupeku kwenye mawe ya Mwanza ana sugu halisi chini ya wayo, na ndiyo sababu nyingine ya kupima juu ya unyayo na si chini. Binti anayeipua sufuria ya ugali bila kitambaa, mikono yake si ya binti wa Berlin. Kumlinganisha mgonjwa wa Misungwi na viwango vya Ulaya ni kumkosea mara mbili, kwa sababu anaweza kuonekana mzima ilhali kwa kipimo cha dada zake mwenyewe ameshashuka sana. Linganisho la haki ni ndugu na wanafunzi wenzake wasio na ugonjwa.

Sasa nije kwenye sentensi ambayo kwa maoni yangu inabeba uzito kuliko mashine yote. Kabla ya kibao kuanza kupoa, mtaalamu humpa mtoto maagizo. Anaweza kusema hivi:

"Mwanangu, kitaendelea kupoa. Ukianza tu kusikia kinauma, bonyeza. Usingoje."

Au anaweza kusema hivi:

"Vumilia, ukishindwa bonyeza."

Anayesikiliza haraka ataona ni jambo moja. Kwa kweli ni vipimo viwili tofauti. Agizo la kwanza linapima kizingiti cha maumivu. La pili linapima ukomo wa uvumilivu, na kati ya nyuzi joto za hilo na za lile kunaweza kuwa na umbali mkubwa. Tena agizo la pili limemtia mtoto katika mtihani wa heshima. Atangoja. Ataangalia kama baba anamwangalia. Ukivuka kwenda Mara, kijana wa Kikurya anayetahiriwa huku ukoo ukimtazama hatakiwi hata kukunja uso, na anafaulu. Hakuna anayedai kwamba kisu hakimuumi. Uvumilivu ni sifa ya mtu, hufundishwa, hupongezwa, huimbiwa. Kizingiti ni hali ya neva. Ukichanganya maneno haya mawili kwenye fomu moja, utakuwa umeandika tabia ya mtoto mahali palipotengwa kwa ajili ya mwili wake.

Ndiyo maana sikubaliani na tafsiri inayoonekana hapa na pale, ya kuita kipimo chote kipimo cha uvumilivu wa maumivu. Mtoto mwenye kizingiti cha chini akipewa jina hilo, ripoti yake inasomeka kama lawama: hana uvumilivu. Mara nyingi ukweli ni kwamba huyo ndiye mvumilivu kuliko wote darasani, maana anakaa kwenye dawati kutwa nzima na kitu ambacho wenzake hawakijui.

Matokeo kwa selimundu yapo. Mwaka 2013 Amanda Brandow na wenzake wa Wisconsin, Marekani, walichapisha vipimo vya wagonjwa 55 wa umri wa miaka 7 na kuendelea, wakiwalinganisha na Wamarekani Weusi 57 wasio na ugonjwa. Wenye afya walianza kusema baridi inauma kibao kilipofika karibu nyuzi joto 15. Wagonjwa walisema inauma karibu nyuzi 21. Kwa joto pia waliwahi. Vipimo vilifanyika wakati hawako kwenye shambulio, kwa hiyo tofauti hiyo haikuwa ya siku mbaya. Ilikuwa ya siku za kawaida.

Nyuzi joto 21 si baridi ya ajabu. Ni upepo wa alfajiri kwenye mwalo, mvua ya masika ikishapita, ndoo iliyolala nje usiku. Akina mama wa kandokando ya ziwa wenye watoto wa selimundu wanajua kwamba asubuhi mtoto haogi ziwani na kwamba sweta halivuliwi mpaka jua limekomaa. Kliniki nazo husisitiza hivyohivyo, kwa sababu baridi hubana mishipa na huweza kuamsha shambulio. Kipimo kinaongeza sababu ya pili juu ya ile ya mishipa: kwa baadhi ya watoto hawa baridi yenyewe imegeuka kuwa kitu kinachouma, kabla hata damu haijakwama popote. Mtoto anayepiga yowe kwa maji ya bomba hadeki.

Kuna jaribio jingine linalojibu swali la mjomba moja kwa moja. Mtoto anadungwa kidogo mara moja kwa kijisindano butu, anataja namba kati ya 0 na 100. Kisha anadungwa mara 10 mfululizo, mdungo 1 kwa sekunde, nguvu ileile, mahali palepale, na anataja tena. Karibu kila mtu hupandisha namba kidogo. Neva na uti wa mgongo hulimbikiza kila mdungo juu ya uliotangulia, na kwa hiyo jina ninalolipendekeza ni ulimbikaji wa maumivu. Kwa baadhi ya vijana wenye maumivu ya muda mrefu, wa selimundu na wa magonjwa mengine, namba hupanda kwa kasi kuliko kwa wenzao. Mwili wao haukuzoea mdungo wa kumi. Uliuhesabu pamoja na tisa iliyotangulia.

Na kuna la mwisho, ambalo hutazama breki za mwili. Mtu mwenye maumivu mahali pamoja, ukimpa maumivu mengine mbali na hapo, yale ya kwanza kwa kawaida hupungua, kwa sababu ubongo hutuma amri ya kuzuia. Nadhani kizuio cha ndani kinatosha kuwa jina lake. Kwa kawaida hupimwa kwa mkono uliotumbukizwa kwenye maji baridi sana. Kwa mtoto wa selimundu maji ya barafu hayafai, kwa sababu niliyokwisha kuitaja hapo juu, na mkandamizo wa msuli unaweza kushika nafasi yake.

Kazi ngumu iliyobaki ni ya vitenzi. Fomu za maumivu humuuliza mgonjwa kama yanachoma kwa moto au yanachoma kwa ncha, kwa kuwa maumivu ya neva zilizoharibika hufanana zaidi na moto. Kiswahili kina kuchoma kwa yote mawili: jua linachoma, sindano inachoma, kichomi kinachoma ubavu. Mtafsiri aliyeandika tu "yanachoma" atapata majibu mengi ya ndiyo na hatajua ni ndiyo ya kitu gani. Dawa yake ni kumuuliza mtoto kwa maneno aliyonayo: panawaka kama pamepakwa pilipili, au panadunga? Panapwita? Panavuta? Pamekufa ganzi? Kiswahili ni tajiri hapa kuliko fomu zinazotafsiriwa, na ningefurahi kuona wauguzi wa Kanda ya Ziwa wakiandika orodha yao kutoka vinywani mwa watoto, pamoja na maneno ya Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya ambayo mtoto hukimbilia maumivu yakizidi.

Namba zote hizi hazimkamati mwongo wala hazimsafishi. Mtoto asiyelala usiku, mwenye hofu, au aliyegombezwa njiani huwa mwepesi zaidi siku hiyo. Wapo pia wenye maumivu makali ambao vizingiti vyao viko sawa na vya wenzao. Shirika la kimataifa la utafiti wa maumivu liliporekebisha ufafanuzi wake mwaka 2020, liliweka wazi kwamba kauli ya mtu kuwa anaumwa iheshimiwe, na kwamba kushindwa kusema hakumaanishi kutoumwa. Ilihitajika kusemwa. Mpaka miaka ya 1980 katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani watoto wachanga walipasuliwa kwa dawa kidogo sana ya kuzuia maumivu, kwa imani kwamba hawasikii, na makala ya Anand na Hickey ya mwaka 1987 ni miongoni mwa yaliyoiporomosha imani hiyo.

Faida ya kipimo iko kwenye faili. Leo, kijana wa miaka 14 asiye na homa wala damu iliyoshuka huandikiwa kwamba "analalamika maumivu", na zamu inayofuata husoma kulalamika na kumpokea hivyo. Badala yake pangeandikwa: maumivu ya muda mrefu, kizingiti cha maumivu ya baridi kimeshuka, miguu yote miwili, kwa kulinganisha na nduguye, ulimbikaji uko juu. Daktari wa zamu akiyasoma hayo ataacha kutafuta mfupa uliooza na kuanza kuuliza kuhusu usingizi, kuhusu dawa ya selimundu, haidroksiyurea, anayotumia au asiyotumia, kuhusu mazoezi mepesi ya viungo, kuhusu dawa za neva badala ya kuongeza zile zilizokwisha kushindwa. Na mzazi aliyeketi pembeni atafsiriwe kwa sauti, kabla kijana hajatoka chumbani: maumivu yake ndiyo sugu, yeye mwenyewe amezidi kuwa mwepesi wa kuyasikia.